Karatasi tatu, majina matatu: baba wa mzee aliyebatizwa Rabai alikuwa nani?

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Baba wa babu yangu alizaliwa utumwani katika mashamba ya Malindi, akatoroka na mama yake akiwa mtoto, wakakimbilia misheni ya Rabai. Tuna karatasi tatu. Nakala ya daftari la ubatizo la Rabai, mwaka 1887, inasema alikuwa na umri wa kama miaka 14 na inamtaja mama yake kuwa Mnyasa, lakini nafasi ya baba imeachwa wazi. Daftari la ndoa la Freretown, kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, mwaka 1898, linamtaja baba kwa jina moja tu na kusema ni marehemu. Kipande chake (kitambulisho cha kazi cha wakoloni) cha miaka ya 1920 kinamwita ‘bin’, kisha linafuata jina la yule mwenye shamba. Shangazi zangu wa Mombasa wanashikilia kwamba mama yake alikuwa suria na mzee alikuwa mwana wa tajiri yule. Baba zangu wadogo hapa Nairobi wanasema huo ni uongo wa kujitafutia ukubwa, na kwamba baba yake alikuwa mtumwa mwenziwe mama. Ugomvi huu umeingia hadi matangani. Mkweli ni nani, na nitajuaje?”

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Majina uliyonitumia nimeyasoma kwa makini, ila sitayaandika hapa, kwa sababu wazao wa mwenye shamba wangali hai na hakuna aliyewauliza kama wanataka kutajwa.

Karatasi zako hazipingani kwa kiasi unachodhani. Zinaonekana kupingana kwa sababu tunazisoma zote kama majibu ya swali moja, ilhali kila moja ilikuwa na swali lake. Kasisi wa mwaka 1887 alitaka kujua anambatiza nani. Aliyeandika daftari la ndoa alitaka jina la kujaza safu ya baba. Karani wa kipande alitaka namna ya kumtambua mfanyakazi akihama au akitoroka kazini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechunguza ni nani aliyemzaa mzee wenu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina lipi ni la kweli, uliza neno “baba” lilikuwa na maana gani katika kila karatasi: aliyemzaa, aliyemkiri mbele ya sheria kuwa mwanawe, au aliyemlea. Kwa mtu aliyezaliwa huru, mara nyingi hao ni mtu mmoja. Kwa aliyezaliwa utumwani wangeweza kuwa watu watatu mbalimbali, na naona nyumba yenu imekuwa ikiwagombania watatu hao kana kwamba ni mmoja.

Ushauri wangu ni kwamba uliache jina la baba kwa muda, uitafute hadhi ya mama. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa na Mashafii wa pwani na Maibadhi waliotoka Omani, mtoto wa mjakazi alifuata hali ya mama yake. Mjakazi akizaa na mtumwa, hata wakiwa wameozwa kwa ruhusa ya mabwana zao, mtoto ni mtumwa wa yule anayemmiliki mama, wala si wa yule anayemmiliki baba. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Mwenye mjakazi akimfanya suria wake, kisha akamkiri mtoto aliyezaliwa, mtoto huyo alihesabiwa huru tangu kuzaliwa, akachukua nasaba ya baba yake na kurithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Mama naye alipanda daraja: hakuweza tena kuuzwa wala kutolewa zawadi, na bwana wake alipofariki alikuwa huru. Hili halikuwa jambo la kujificha. Barghash bin Said, sultani aliyetia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, alizaliwa na suria, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba si mwana wa Seyyid Said.

Mlango huo, hata hivyo, ulikuwa mwembamba, na hapa ndipo watafutaji wengi wa nasaba wanapojikwaa. Ulimfaa mwenye mjakazi peke yake. Wanawake wa pwani walimiliki watumwa kwa haki yao, kwa urithi na kwa mahari, na mume hakuwa na ruhusa ya kumfanya suria mjakazi wa mkewe. Vivyo hivyo kwa mjakazi wa kaka yake au wa mama yake. Mtoto aliyepatikana kwa njia hiyo alibaki mtumwa wa mwenye mama, hata kama mtaa mzima ulijua sura yake imetoka kwa nani. Tena palikuwa na mabwana waliowaingilia wajakazi wao wenyewe, kisha wakanyamaza mtoto alipozaliwa. Kwa hiyo hadhi ya mtoto katika hati inatueleza kama alikiriwa au hakukiriwa. Kama alizaliwa na bwana au hakuzaliwa naye, hilo hati ya hadhi peke yake haiwezi kutwambia. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoirudia mpaka mwisho wa jibu hili, na ningependa ndugu zako wa pande zote mbili waielewe kabla ya kuendelea kulaumiana.

Sasa tazama bahati uliyonayo. Mzee wenu alikuwa Rabai mwaka 1887, na kwa mwendo wa kawaida alikuwa bado huko miezi kumi na minane baadaye, wakati lilipotokea jambo ambalo limewaachia wazao wa watoro maandishi yasiyopatikana kwa watumwa wengi wa pwani. Rabai ilianzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, na hadi miaka ya 1880 ilikuwa imejaa watoro kutoka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, wakiishi chini ya uongozi wa William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa na misheni huko Bara Hindi. Wenye watumwa walilalamika kwa ukali, wakatishia kuja kuwachukua watu wao kwa nguvu. George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa akaona ni heri kuwafidia kuliko kuanza utawala wa kampuni yake kwa vita, na mnamo tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai mbele ya umati. Waliokombolewa, pamoja na wale wa vituo vya Wamethodisti, walikuwa kama 1,400, na bei iliyokubaliwa ilikuwa dola 25 za wakati ule kwa kila mtu.

Malipo ya namna hiyo hayafanyiki bila orodha: jina la mtoro upande mmoja, jina la anayedai fedha upande wa pili. Orodha hiyo ndiyo karatasi ya nne unayoihitaji, nayo ina uzito kuliko hizo tatu, kwa sababu hapo kila neno lilikuwa na gharama. Ukimkuta mzee wenu ameandikwa, na anayelipwa ni tajiri yule wa Malindi, basi tajiri alimdai kama mali yake. Mtu aliyemkiri mtoto wa suria kuwa mwanawe hangeweza kumdai dola 25 mbele ya mashahidi wanaomjua, kwani kwa kufanya hivyo angekuwa anatangaza kwamba mwanawe ni mtumwa. Ushahidi huo utaonyesha kwamba hakukiriwa, na madai ya shangazi zako, kwa maana ya sheria, yataanguka. Kwa maana ya damu bado yatakuwa yamesimama.

Ukimkuta mama yake kwenye orodha, usikimbilie kusema kwamba hakuwa suria. Mama aliyemzalia bwana wake alibaki katika miliki yake mpaka bwana afe. Alichopoteza bwana ni haki ya kumuuza. Mwenye shamba aliyekuwa hai mwaka 1889 angeweza kumdai bila kujipinga. Kwa hiyo jina la mama kwenye orodha linasema machache, na jina la mwana linasema mengi. Kama mama yumo na mwana hayumo, hapo shangazi zako wamepata nguvu, lakini hakikisha kwanza kwamba mwana hakuwa amehamia Freretown wakati huo au kuandikwa kwa jina lake la utotoni badala ya lile la ubatizo. Na ukimkuta anayelipwa ni mwanamke, simama hapo, utafute kama huyo alikuwa mke, dada au mama wa tajiri yule. Jibu la swali lako lote linaweza kuwa ndani ya jina hilo.

Kuhusu mahali pa kutafuta: anza hapa Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jumba la Moi Avenue lililokuwa benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Utajisajili kwa kitambulisho na ada ndogo, kisha uombe orodha ya majalada ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani, yanayoanza na alama PC/Coast, pamoja na taarifa za wilaya ya Malindi. Hayo ni ya baada ya 1895, kwa hiyo hayatakupa watoro wa Rabai wenyewe. Yatakupa ndugu waliobaki shambani, hasa katika madai ya fidia yaliyofuata sheria ya 1907 ya kuondoa utumwa katika ukanda wa pwani. Barua za misheni ziko Birmingham, Uingereza, katika Maktaba ya Utafiti ya Cadbury, zikiwa na alama C A5 kwa miaka ya mwanzo hadi 1880 na G3 A5 kwa miaka iliyofuata. Barua za mabalozi wa Uingereza juu ya biashara ya watumwa ziko katika hifadhi ya taifa ya Kew, London, katika mfululizo wa FO 84, na nakala za upande wa ubalozi ziko Zanzibar. Zanzibar inafaa kutembelewa, lakini kwa mtoro wa Malindi aliyekombolewa Rabai ningeiweka mwisho.

Tuje kwenye karatasi zenyewe. Nafasi tupu katika daftari la ubatizo ndiyo ninayoiamini kuliko yote, ingawa haisemi kitu. Kijana wa miaka 14 aliyekuja na mama yake angeweza kutaja jina la baba kama alikuwa nalo, na mama alikuwapo wa kumsaidia. Nafasi kama hizo ni nyingi katika madaftari ya misheni, kwa sababu mateka walioshushwa kutoka majahazini walikuwa watoto wasiowakumbuka wazazi wao. Huyu hakuwa mmoja wao. Kunyamaza kwa mama ni kunyamaza kwa mtu anayejua, na sababu zake zaweza kuwa nyingi: aibu, hofu kwamba tajiri atatumia jina hilo kuwafuata, au kwamba kasisi hakupenda kuandika uhusiano ambao kanisa halikuutambua. Soma kurasa za jirani za daftari hilohilo. Ukiona kwamba watoto wengine wa watoro wameandikiwa baba zao, hata baba waliobaki utumwani, basi nafasi ya mzee wenu iliachwa wazi kwa kusudi. Ukiona zote ziko tupu, ni mazoea ya mwandishi tu.

Jina la daftari la ndoa la 1898 nalitilia shaka kwa namna nyingine. Majina kama Feruzi, Songoro, Mabruki na Baraka yalipewa watumwa wengi sana, na ni rahisi kusema, kama wanavyosema baba zako wadogo, kwamba jina la namna hiyo linathibitisha baba mtumwa. Kwa aliyelibeba, ndiyo. Lakini je, ni baba mzazi au mume wa mama? Misheni iliwahimiza sana watoro kufunga ndoa kanisani, na mwanamke aliyefika Rabai kabla ya 1887 na mtoto mkubwa huenda aliolewa huko. Kwa hiyo fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa gharama yake ni nauli ya kufika Rabai tu: pitia daftari la ndoa la huko kuanzia 1880 hadi 1898, umtafute mama. Ukimkuta ameolewa na mtu mwenye jina lilelile, umempata baba mlezi, na karatasi ya pili haitakuwa tena na la kusema juu ya kuzaliwa. Pitia pia maziko, kwa kuwa 1898 baba huyo aliitwa marehemu. Aliyefia Rabai atakuwa amezikwa kwa maandishi, aliyefia Malindi hatakuwamo.

Kipande nakipa uzito mdogo kabisa katika suala hili, na najua shangazi zako hawatapenda kusikia hivyo. Mfumo wa kipande ulianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na wakati huo mzee alikuwa amekaribia miaka 50. Katika pwani ya siku zile, jina la ukoo wa bwana wa zamani lilikuwa jina ambalo hata walioachwa huru walilitumia, kwa sababu lilimwonyesha mtu anatoka nyumba gani. Karani aliyeuliza “wewe ni wa nani?” na kujibiwa kwa jina la nyumba aliandika “bin” bila kufikiri zaidi. Mimi mwenyewe nilifanya kosa la namna hiyo miaka mingi iliyopita, nilipolisoma neno “wa” katikati ya majina mawili kama alama ya uzazi ilhali lilikuwa la kumiliki, nikawapa watu babu ambaye kumbe alikuwa bwana wa babu yao. Ilinibidi nirudi nyumbani kwao nikawaeleze, na sura ya mama mmoja siku ile sijaisahau. Kuna jambo la pili. Sheria za kikoloni ziliwatofautisha Waafrika na Waarabu katika kodi, katika vipande na katika mahakama, na mtu aliyekuwa na dai lolote la baba Mwarabu alikuwa na sababu ya kulitaja. Hiyo haimfanyi mzee kuwa mwongo. Inaonyesha tu kwamba mwaka huo jina lile lilikuwa na faida ambayo halikuwa nayo mwaka 1887.

Kuna swali moja ambalo hukuniuliza, na ambalo laweza kuumaliza ugomvi wote kwa mara moja: mama alifika pwani lini? Umri wa miaka 14 mwaka 1887 unatupeleka 1873, lakini umri wa watoro ulikadiriwa kwa macho, kwa hiyo tuseme kati ya 1870 na 1876. Hiyo ndiyo miaka ambayo njia za utumwa zilibadilika. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, misafara ilipita nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, watu wakitembezwa kwa miguu hadi mashamba ya mrima na Malindi, mpaka Barghash alipopiga marufuku njia hiyo pia mwaka 1876. Mashamba ya Malindi yalikuwa yakipanuka na kuhitaji mikono. Kama mama alikuwa mmoja wa waliotembezwa katika miaka ile, basi huenda mtoto alizaliwa njiani au alibebwa mgongoni, na hapo tajiri wa Malindi anaondoka kabisa, na baba anabaki upande wa Ziwa Nyasa, asiyejulikana kwa jina. Kama alifika miaka mitano au kumi kabla, mzee wenu alikuwa mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa pwani, na wote wawili, tajiri na mtumwa mwenziwe mama, wanabaki mezani. Neno “Mnyasa” lenyewe usilishike kwa nguvu. Waandishi walilitumia kwa Wayao, Wamang’anja na wengine wengi waliotoka upande huo. Litazame kwa sababu nyingine: mwana ameandikwa kabila gani? Daftari likimwita mama Mnyasa na mwana “Mswahili” au “mzalia”, aliyeandika alijua kwamba kijana alizaliwa pwani.

Kuna wanaokwenda moja kwa moja kwenye mirathi, wakisema kwamba kama angekuwa mwana angerithi. Kwa mtumwa aliyebaki Mwislamu hoja hiyo ina nguvu, na majalada ya makadhi, mengi yakiwa kwa herufi za Kiarabu, yana kesi za namna hiyo, zikiwemo za mabwana wa zamani waliodai kumrithi mtu waliyemwacha huru akafa bila mrithi. Kwa mzee wenu hoja haina nguvu kubwa. Alibatizwa 1887, na kwa sheria ile Mkristo hamrithi Mwislamu. Kama tajiri alifariki baada ya mwaka huo, kukosekana kwa jina la mzee katika mirathi hakuthibitishi lolote. Kama alifariki kabla, jalada linafaa kutafutwa kwa bidii, kwa maana hapo mama pia angetajwa kuwa amekuwa huru, na kukimbia kwake kungekuwa na maelezo mengine kabisa. Vilevile usitegemee kwamba rejista za Waingereza zitamtaja suria. Hata amri ya Zanzibar ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha masuria nje, wakihesabiwa kama wake, na hawakuingizwa hadi 1909.

Ushahidi wa wazee wako nao ni ushahidi, na kwa umri wao ndio utakaopotea kwanza. Waendee mmojammoja, si katika kikao. Usiwaulize “baba yake alikuwa nani”, kwa kuwa jibu hilo tayari wamelifanya bendera. Uliza mama alipikia wapi na kulala wapi, ndani ya nyumba kubwa au kwenye vibanda vya shambani. Uliza kwa nini walitoroka, na usiku wa msimu gani. Uliza kama kuna mtu wa nyumba ya tajiri aliyewahi kuja kwenye arusi au kwenye msiba wenu, na alikaa na kina nani. Uliza kama mzee aliwakataza watoto wake kuoa katika ukoo fulani. Katazo la ndoa ni jambo ninalolisikiliza sana, kwa sababu mtu anaweza kujigamba kwa jina kubwa bila sababu, lakini hawezi kuwakataza wanawe wachumba bila sababu. Andika pia nani alimwambia kila mmoja. Ukigundua kwamba shangazi zako wote walisikia kwa mtu mmoja, una shahidi mmoja, si wanne.

Na sasa vipimo vya DNA, ambavyo najua mmevijadili. Mzee alikuwa mwanamume, na baba zako wadogo wametoka kwake kwa mstari wa wanaume watupu, kwa hiyo wanabeba kromosomu Y aliyoibeba yeye, ambayo ndiyo ya baba aliyemzaa. Wewe huna, dada yangu, kwa hiyo usitumie fedha zako kujipima kwa ajili ya swali hili. Kipimo cha mmoja wa baba zako wadogo kitafaa kikilinganishwa na cha mzao wa tajiri kwa mstari wa wanaume. Bila mlinganisho huo usikubali kuambiwa kwamba Y ya Kiarabu inamthibitisha tajiri, wala kwamba Y ya Kiafrika inamtoa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa pwani ya Waswahili, ulionyesha kwamba wanaume wa Asia, wengi wao kutoka Uajemi, walichanganyika na wanawake wa Kiafrika hapa tangu yapata mwaka 1000. Watu wa namna zote mbili walikuwa katika kila tabaka la pwani, mabwana na watumwa.

Kipimo cha kromosomu nyingine kinaweza kusaidia, mradi wapimwe wazee. Mjukuu wa mzee wenu na mjukuu wa mwana mwingine wa tajiri, kama kweli wana babu mmoja tu wa juu wa kushirikiana, watashirikiana kwa wastani sehemu moja katika 64. Kizazi kimoja chini yao, ni moja katika 256, na hapo baadhi hawataonyesha chochote hata kama undugu ni wa kweli. Kumbuka pia kwamba koo za pwani ziliozana binamu kwa binamu, jambo linaloongeza damu ya pamoja na kumfanya ndugu wa mbali aonekane wa karibu. Ridhaa ya kila anayepimwa ni lazima, si kwa adabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya vinasaba kuwa nyeti. Na utakapowaendea wazao wa tajiri, usiende na cheti mkononi. Nenda na mtu mzima anayewajua, uombe kuzungumza habari za shamba la zamani, uwaachie nafasi ya kukataa. Kwao pia neno hili ni zito.

Uliniuliza nani mkweli. Kwa karatasi ulizonipa, naona kwamba mzee hakukiriwa na tajiri, kwa kuwa kijana huru mwenye nasaba inayojulikana hakuwa na haja ya kujificha na mama yake katika kijiji cha watoro. Hadi hapo baba zako wadogo wako sahihi. Hawako sahihi wanaposema kwamba jina la 1898 ni la baba mzazi. Hilo bado halina msingi. Na shangazi zako hawasemi uongo. Wanasema jambo ambalo lingeweza kutokea, ambalo lilitokea mara nyingi katika mashamba yale, na ambalo sheria ya wakati huo ilimruhusu tajiri kulikana bila kuulizwa. Mpaka orodha ya 1889 ipatikane, katika mti wenu wa ukoo weka mstari wa mama kwa wino, kwa sababu jina lake halipingwi na mtu yeyote. Mahali pa baba andika kwa penseli majina yote mawili, na kando ya kila moja uandike karatasi lilikotoka na mwaka wake, ili mjukuu atakayeendelea baada yako asianze upya.

Ukienda Rabai, nenda siku ya kazi, umwone kasisi kwanza, na uombe kupiga picha kurasa nzima za daftari, pamoja na zile za kabla na za baada, badala ya mstari wa mzee wenu peke yake. Kisha nitumie picha za ndoa za miaka ya 1880 hadi 1898, nami nitazisoma nawe ukurasa kwa ukurasa.